Mazoezi ya kupumua oksijeni kidogo: maswali mnayoniuliza tangu Jumamosi ile

Mi ni mfiziotherapia, kazi yangu ni magoti, migongo na watu waliopata kiharusi, ila Jumamosi alfajiri nakimbia na joging yetu kutoka Kinondoni mpaka Coco. Juzi kijana wetu mmoja kaja na barakoa nyeusi ya mpira, ile yenye vizibo vya kuzungusha mbele ya mdomo, kakimbia nayo mpaka karibu na Daraja la Tanzanite akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, midomo imepauka, anasema masikio yanalia na haoni vizuri. Tukamvua, tukamlaza, miguu juu, baada ya dakika chache akarudi sawa. Toka siku hiyo simu yangu haipumziki, kila mtu anauliza kuhusu "mazoezi ya oksijeni", kwahiyo nimeyakusanya maswali hapa.

Hivi haya mazoezi yenyewe ni nini hasa?

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Kwenye mazoezi haya mtu anakaa kwenye kiti, ametulia, hakimbii wala nini, anavaa barakoa iliyoungwa na mashine inayompa hewa ambayo oksijeni yake imeshushwa, mara nyingi kati ya asilimia 9 na 15. Anavuta dakika 3 mpaka 5, anavuliwa avute hewa ya kawaida dakika kadhaa, anarudishwa tena, hivyo hivyo mpaka inafika kama saa moja, na anarudia siku nyingi kwa wiki 2 mpaka 4. Kidoleni ana kipima oksijeni na pembeni kuna mtu macho yako kwenye namba, ikishuka kuliko walivyopanga anavuliwa hapo hapo. Wasovieti ndo walioyafanya sana zamani, kwa marubani na wapanda milima.

Na usiichanganye na ile mashine ya wodini, ile inaongeza oksijeni, hii inapunguza.

Mlimani si ndo oksijeni inapungua? Tofauti iko wapi?

Asilimia haibadiliki, hata kileleni ni 21 ile ile. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya wa hapa kwetu pwani, kwahiyo kila pumzi inakuletea nusu ya oksijeni, sawa na kukaa Magomeni unavuta hewa yenye asilimia 10 hivi. Wabeba mizigo wa Kilimanjaro wanalijua hili kwa kifua chao bila kusoma popote.

Mwili unafaidikaje na kukosa kitu unachokihitaji?

Hapa ndo napapenda. Seli zako kila saa zinatengeneza protini fulani inaitwa HIF, na kila saa zinaivunja, ikiwepo oksijeni ya kutosha haikai hata kidogo. Oksijeni ikipungua, haivunjwi tena, inajaa, inaingia kwenye kiini cha seli na kuanza kuwasha jeni kibao: figo zinatoa homoni ya EPO inayouambia uboho utengeneze chembe nyekundu, mishipa midogo inaongezwa, seli zinajifunza kutumia sukari bila oksijeni nyingi. Waliogundua utaratibu huu, Gregg Semenza, William Kaelin na Peter Ratcliffe, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Ila chembe nyekundu hazitengenezwi kwa dakika 5 jamani. Ni siku na wiki. Kinachobadilika hapo hapo ni pumzi kwenda haraka na moyo kudunda zaidi, hayo ni mwili unajihami tu, bado hujapata faida yoyote.

Mbona wakimbiaji wanaoishi juu wanashinda?

Ni kweli inasaidia. Iten ya Kenya iko kama mita 2,400, na Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alizaliwa Karatu, nyanda za juu. Lakini hao wanaishi huko, wanalala huko, usiku mzima mwili unapokea taarifa ile ile. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Levine na Stray-Gundersen, walionesha kwamba kulala juu kama mita 2,500 na kushuka kufanya mazoezi makali chini kwa wiki 4 kunaongeza kasi ya wakimbiaji. Saa moja kwenye kiti haiwezi kulingana na hapo, na kwa wanariadha wazima matokeo ya ile mashine ya kukaa yamekuwa hayaeleweki, huyu anapata, yule hapati.

Sasa ile barakoa ya kijana wetu?

Ile haipunguzi oksijeni ya hewa. Inabana tu mlango. Misuli ya kupumulia inafanya kazi ngumu zaidi, na inaweza kuimarika kidogo, lakini damu yako haijui kama uko mlimani. Ukichanganya na joto la Dar na unyevu wa asubuhi, na mtu hajanywa chai wala maji, matokeo yake ndo yale tuliyoyaona pale darajani. Kama ameinunua basi aitumie anatembea, sio mbio, na akisikia kizunguzungu aivue.

Mi nakata pumzi nikiwa baharini, nahesabu mpaka mia. Kuna ubaya?

Kaka, hapa naomba unisikilize. Kinachokupa ile hamu ya kuvuta pumzi sio kuisha kwa oksijeni, ni hewa chafu, kabonidayoksaidi, kujaa kwenye damu. Ukipumua haraka haraka mara ishirini kabla ya kuzama, unaifukuza hiyo hewa chafu lakini oksijeni huiongezi kwa maana yoyote, sasa unazama unajisikia fresh kabisa, kengele haijalia, oksijeni inaisha na unazimika humo humo chini ya maji bila kuhangaika wala kupiga kelele. Walio juu wanadhani bado unazamia. Waogeleaji wazuri kabisa wamekufa hivi. Usipumue haraka haraka kabla ya kuzama, na usizamie peke yako, awepo mtu anayekuangalia wewe tu, sio simu.

Wapo watu wa bahari, Wabajau wa kule Indonesia, utafiti wa 2018 ulikuta wengu wao ni mkubwa kwa kama nusu zaidi ya majirani zao wa nchi kavu, na wengu ndo ghala la damu wakati wa kuzama. Ila hao wamezamia vizazi na vizazi.

Inatibu presha, sukari, kifua?

Inatibu, hapana, sitasema hivyo. Kuna tafiti, nyingi za watu wachache, zilizoona presha ikishuka kiasi, sukari ikikaa vizuri kwa walio karibu na kisukari, na wenye ugonjwa sugu wa mapafu ulio hatua za mwanzo wakihimili mazoezi zaidi. Kinachonivutia mimi kwa kazi yangu ni watu walioumia uti wa mgongo ila hawajapooza kabisa: utafiti uliotoka 2014 uliwapa dakika moja na nusu moja na nusu ya hewa ya asilimia 9, mara 15 kwa siku, kwa siku 5, na walipoongeza na mazoezi ya kutembea wakatembea mbali zaidi kuliko kabla. Nina wagonjwa ambao mita ishirini za ziada ni kufika chooni wenyewe, kwahiyo hili nalifuatilia kwa moyo wangu wote. Lakini hakuna aliyeacha dawa zake, na wewe dada uliyeniuliza kuhusu kuacha vidonge vya presha, tafadhali usiache.

Mume wangu anakoroma halafu anakata pumzi usingizini. Si anafanya mazoezi hayo bure?

Hapana mama, na swali lako ni zuri kuliko yote. Yeye oksijeni inashuka na kupanda mara nyingi kila saa, usiku kucha, miaka, na ubongo unamshtua kila mara. Hiyo inapandisha presha na kuumiza moyo. Kitu ni kile kile, kipimo ndo tofauti, kama chumvi kwenye mboga. Mpeleke hospitali wamwangalie usingizi wake, hasa kama mchana anasinzia kwenye daladala au akiendesha.

Nani asijaribu kabisa?

Wajawazito, wenye matatizo ya moyo, presha isiyotulia, upungufu wa damu, kifafa, pumu inayosumbua, aliyepata kiharusi karibuni.

Na selimundu, sikoseli, hii naiweka peke yake. Tanzania ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa nayo. Oksijeni ikishuka, himoglobini ya mgonjwa, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inashikana, chembe inakuwa kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, ndo yale maumivu makali ya mifupa na kifua. Wenye AS, yaani waliorithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu na hawaumwi, maisha ya kawaida hawana shida, lakini oksijeni ikishuka sana, kama milima mirefu, wengu unaweza kuumia, maumivu yanakuja upande wa kushoto chini ya mbavu. Na wengi wenye AS hawajui kama wanayo.

Nikinunua kile kipima oksijeni cha kidoleni nijipime mwenyewe nyumbani?

Kinasaidia, ila rangi ya kucha, hina na piko vinakichanganya, na kidole cha baridi pia. Halafu kwa ngozi nyeusi kinaweza kuonesha namba nzuri kuliko ukweli, utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta oksijeni iliyoshuka ilipitwa kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya weupe. Kwahiyo usitegemee namba peke yake ukiwa unajishushia oksijeni makusudi. Na wale mliouliza kuhusu kupumulia kwenye mfuko wa plastiki, au kufunga chumba na jiko la mkaa ndani ili "hewa iwe nyepesi": hapana, hapana kabisa. Mkaa unatoa sumu inayoshika damu mahali pa oksijeni, na kipima cha kidole kitakuonesha 98 huku unakufa.

Nikitaka kujua kama nina AS naanzia wapi?

Nenda maabara ya hospitali, omba kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinajikunja kinasema ipo au haipo tu, hakikwambii kama ni AS au SS, yaani ugonjwa wenyewe. Ni damu kidogo. Kijana wetu wa barakoa tumekubaliana naenda naye Jumatatu saa mbili asubuhi, anayetaka kuungana nasi aseme.