Je, wajua kwa nini dhahabu, metali isiyoshika kutu, huunguza gesi ya sumu hata kwenye baridi kali?

Pete ya dhahabu ikifichwa sandukuni miaka hamsini hutoka inang'aa vilevile. Oksijeni haiiwezi, unyevu hauiwezi. Kwa sababu hiyo, wanakemia waliotafuta vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kwisha, kwa muda mrefu waliipita dhahabu. Kazi walipewa platinamu na paladi. Dhahabu wakaachiwa masonara.

Mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake huko Osaka, Japani, walichapisha matokeo yaliyopindua dhana hiyo. Dhahabu iliyotawanywa juu ya oksaidi (misombo ya metali na oksijeni) za chuma, kobalti au nikeli iliweza kuigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi hata kwenye nyuzijoto 70 chini ya sifuri. Hiyo monoksaidi ndiyo gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye jiko la mkaa lililowekwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Huing'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ndiyo maana aliyelala na jiko ndani huenda asiamke.

Hata platinamu haifui dafu kwenye baridi. Gesi hiyo huufunika uso wake wote, oksijeni ikakosa pa kutua, mpaka ipashwe moto. Ndiyo sababu gari ambalo moshi wake husafishwa na platinamu iliyo bombani, likiwashwa asubuhi, hutoa moshi mchafu zaidi katika dakika za mwanzo.

Sasa dhahabu imepataje uwezo ambao pete haina? Jibu la kwanza ni udogo. Chembe zinazofanya kazi hiyo zina upana wa nanomita 2 hadi 5 hivi, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Chembe ya nanomita 3 haina hata atomi 1,000. Ndani ya kipande kikubwa, kila atomi imezungukwa na jirani 12, imetosheka, haina haja ya mgeni. Ukiikata dhahabu hadi kufikia udogo huo, sehemu kubwa ya atomi hujikuta usoni, ukingoni na kwenye pembe, zikiwa na jirani wachache. Hizo ndizo zinazoipokea kaboni monoksaidi.

Lakini udogo peke yake hautoshi, na mimi naona hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Chembe zilezile zikiwekwa juu ya silika, kitu kilekile kinachounda mchanga, huzubaa; zikiwekwa juu ya oksaidi ya titani au ya chuma huchangamka. Watafiti wengi wanakubaliana kwamba kazi kubwa hufanyika mpakani, pale dhahabu inapogusana na oksaidi iliyoibeba: gesi hushikwa na dhahabu, oksijeni huamshwa kandokando yake, viwili hivyo hukutana na kaboni dioksaidi huondoka. Unyevu kidogo hata husaidia. Kwa kichocheo kilichozoeleka kwenye barakoa za kujikinga na gesi hii, mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba, unyevu ni adui.

Kuitengeneza kunataka subira. Chumvi ya dhahabu yenye klorini, ya rangi ya manjano, huyeyushwa majini, kisha hutiwa alkali taratibu hadi pH, kipimo cha asidi na alkali, ifike kati ya 7 na 10. Unga mweupe wa oksaidi ya titani huingizwa, na mchanganyiko hukorogwa kwenye nyuzijoto 70 kwa muda wa saa moja hivi. Halafu huja kuosha, tena na tena. Maji ya kuoshea hudondoshewa nitrati ya fedha. Wingu jeupe likitokea, klorini bado ipo, osha tena. Mvivu wa kuosha hulipia baadaye, kwani klorini iliyobaki huzifanya chembe ziungane na kuwa madonge zikipata joto. Unga ukishaokwa kwenye nyuzijoto 300 hutoka na rangi ya zambarau, si ya dhahabu kabisa.

Madonge hayo ndiyo udhaifu mkubwa wa kichocheo hiki. Kwenye joto la bomba la moshi la gari chembe hutembea, hukutana na kukua, na zikishakua hurudia uvivu wa pete. Kwa hiyo usitarajie dhahabu ichukue nafasi ya platinamu huko. Mahali pake ni kwenye joto la kawaida, kama kusafisha hewa ya chumba au barakoa ya kutorokea moto.

Ili kuibeba dhahabu badala ya oksaidi, baadhi ya watafiti wameigeukia familia nyingine kabisa: polima (vitu vya molekuli ndefu kama minyororo, mfano plastiki) zinazopitisha umeme, ugunduzi uliowapa Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Anilini, kimiminika ambacho molekuli zake huweza kuungana kuwa polima, ikichanganywa na chumvi ya dhahabu, kila mmoja humfanyia mwenzake kazi: chumvi huchukua elektroni za anilini na kuifunga kuwa polianilini, huku dhahabu yenyewe ikijitenga kama chembe ndogo ndani ya polima hiyo. Polima huzishika chembe zisikusanyike, na kwa kuwa inapitisha umeme, elektroni hupita kati yake na dhahabu. Haistahimili joto la tanuri, kwa hiyo hatua ile ya kuoka kwenye nyuzijoto 300 haiifai.