Nishati haipotei, ila nishati mwendo yaweza kupungua
Wanafunzi wengi wa mekanika (tawi la fizikia linalohusu mwendo na kani), wakishafundishwa kwamba nishati haipotei, huhitimisha kuwa nishati mwendo kabla ya mgongano lazima ilingane na ile ya baadaye. Sivyo. Chukua donge la udongo la kilo 1 linalokwenda mita 4 kwa sekunde, likagonga donge jingine la kilo 1 lililotulia na kunatana nalo: anayechukulia kuwa nishati mwendo haikubadilika hupata kasi ya pamoja ya mita 2.8 hivi kwa sekunde, ilhali uhifadhi wa momenta (tungamo mara kasi, ambayo jumla yake haibadiliki katika mgongano), ambao hapa ndio wa kutegemewa, hutoa mita 2. Jouli (kipimo cha nishati) 8 za mwendo zimebaki 4. Nyingine 4 zimeubonyeza udongo na kuupasha joto, ingawa ni joto dogo mno kuhisiwa kwa kidole.