Runinga ina sauti lakini kioo cheusi: badilisha taa, kisha punguza mkondo

Runinga ya LED ikitoa sauti na rimoti ikibadilisha chaneli, lakini kioo kikabaki cheusi, usikimbilie kununua nyingine. Zima taa ya chumbani, kisha mulika kioo kwa tochi ya karibu, kimshazari. Ukiona picha hafifu zikitembea, kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma yake, bakilaiti. Zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika zote zinazimika.

Chomoa waya wa umeme kwanza. Kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) kubwa ya bodi ya pawa hubaki na zaidi ya volti 300. Imwage kwa rezista ya kiloomu 2.2, wati 5, iliyoshikwa kwa koleo ya mpini wa plastiki, halafu hakikisha kwa multimeta, kifaa cha kupimia volti. Mtindo wa kugusisha bisibisi unaunguza bodi, na wakati mwingine fundi mwenyewe.

Kazi ngumu ni kutoa kioo. Ukingoni kinaning'iniza mikia myembamba ya plastiki yenye chipu, inayokiunganisha na bodi ndefu. Mkia mmoja ukikunjika au ukivutwa, picha inapata mistari na gharama ya kuitengeneza haina maana. Inueni watu wawili, mkilaze juu ya kitambaa safi. Karatasi za kutawanya mwanga zipigie picha kwa simu kabla ya kuzitoa, maana mpangilio na upande wake una umuhimu.

Multimeta ya kawaida mara nyingi haiwashi LED ya volti 6. Tumia kipima LED. Kabla ya kwenda dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, andika urefu wa stripu (ukanda unaobeba taa), idadi ya taa na volti ya kila taa. Stripu 3 zenye taa 6 za volti 3 zinahitaji volti 54. Ukiweka za volti 6 zinahitaji 108, na drava, saketi inayozilisha taa umeme, itagoma au itawaka sekunde moja kisha ijizime. Badilisha stripu zote. Ukibadilisha moja tu, zile kuukuu zitakurudisha kazini. Zibandike zigusane vizuri na bati, kwani joto la taa hutoka kupitia bati hilo.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Taa nyingi huungua kwa sababu kiwanda kimeziendesha kwa mkondo mkubwa mno. Ukiziacha hivyo, mpya nazo zitafuata. Anzia kwenye pini ya LED− ya soketi ya waya wa taa, fuata njia hadi kwenye rezista ndogo zilizowekwa sambamba kuelekea graundi. Zikiwa 3 za omu 3, jumla ni omu 1. Ng'oa moja, inakuwa omu 1.5, na mkondo unashuka hadi theluthi mbili. Macho hayatalalamika sana. Usizichanganye na rezista za mosfeti (transista) ya kupandishia volti, hizo ziache. Bodi yenye rezista moja tu usiing'oe. Weka yenye omu kubwa zaidi.

Huna pasi ya kuchomea risasi? Shusha Backlight kwenye menyu hadi nusu. Kwenye runinga nyingi Brightness haisaidii, inagusa picha tu.

Kabla ya kurudisha karatasi, washa taa dakika 10 bila kuzitazama moja kwa moja, na uguse kila lenzi (kifuniko cha plastiki juu ya taa) kwa kidole baada ya kuzima. Inayolegea ibandike upya, la sivyo utapata doa jeupe pale pale ilipo.