Minara mirefu si kipimo cha watu ambao mji umewabeba

Nchi inayoendelea inapoinua mnara mpya, wengi husema: ardhi imeokolewa, sasa mji utabeba watu wengi zaidi. Si lazima iwe hivyo.

Kadiri jengo linavyorefuka, ndivyo lifti, ngazi za dharura, mabomba na kuta nene za kuhimili upepo zinavyokula nafasi katika kila ghorofa. Eneo la kukaliwa hupungua, na gharama ya kila mita ya mraba hupanda. Kileleni mara nyingi hakai mtu kabisa. Burj Khalifa ya Dubai ina mita 828, lakini takriban mita 244 ziko juu ya ghorofa ya mwisho inayotumika. Kipande hicho kitupu ni kirefu kuliko Carlton Centre ya Johannesburg, yenye mita 223, iliyokuwa jengo refu kuliko yote Afrika kwa miongo kadhaa!

Paris, ambako majengo mengi hayazidi ghorofa saba, ina takriban watu 20,000 kwa kila kilomita ya mraba. Siri ni kwamba nyumba zimeshikana, hazikutenganishwa na maegesho na viwanja vitupu.

Misri nayo imejenga mnara wa karibu mita 394 katika mji mkuu mpya wa kiutawala, jangwani mashariki mwa Cairo. Unapendeza, nakubali. Lakini mamilioni ya wakazi wa Cairo wanaishi katika majengo ya kawaida ya zege na matofali, na hayo ndiyo yanayostahili maji safi, ukaguzi wa uimara na wasanifu hodari.