Torenti inayojiwasha yenyewe: iwekee mipaka kwanza

Stima ikipotea usiku hapa Mombasa na kurudi saa tisa, kompyuta iliyopangwa hivyo huwaka yenyewe, lakini hakuna mtu wa kuingia na kufungua programu. Ndiyo maana wengi hutuuliza, sisi wa idara ya kompyuta chuoni, vipi torenti, yaani upakuaji wa faili kwa vipande kutoka kwa kompyuta za watu wengine, iendelee bila mtu kuwepo. Jibu ni kuifanya huduma: programu isiyo na dirisha, ambayo mfumo huianzisha kabla yeyote hajatia nenosiri.

Torenti ilibuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Faili hugawanywa vipande, na kila anayepakua huwagawia wengine alivyokwisha pata. Kila kipande huhakikiwa, kilichoharibika huombwa upya. Kwa mafaili makubwa halali, kama diski ya kusakinishia Debian, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, au Wikipedia ya kusoma bila intaneti, sijaona njia inayovumilia stima yetu kuliko hii.

Kwenye Debian na nduguye Ubuntu, sakinisha transmission-daemon, programu ya torenti inayoendeshwa kama huduma. Amri hii huiwasha na kuipanga ianze kila kompyuta inapowaka:

sudo systemctl enable --now transmission-daemon

Huduma hiyo huendeshwa na mtumiaji wake wa pekee, debian-transmission, asiye na mamlaka makubwa. Tafadhali muache hivyo. Folda ikikataa kuandikwa, wengi hukimbilia kuiendesha programu kwa jina la root, msimamizi mwenye mamlaka yote. Programu hii huzungumza mchana kutwa na kompyuta za watu usiowajua. Ikipatikana na ufa, mvamizi atashika mashine nzima. Mpe mtumiaji huyo folda moja tu kwa chown, amri ya kubadilisha mmiliki, basi.

Diski ya nje nayo ina mtego wake. Stima ikirudi, huduma yaweza kuanza kabla diski haijaunganishwa, ikaikuta folda tupu, na ukadhani faili zako zimepotea. Andika sudo systemctl edit transmission-daemon, kisha uongeze:

[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/diski

Weka njia ya diski yako mahali pa hiyo. Diski hiyo ikiwa imeorodheshwa katika /etc/fstab, faili la diski ambazo mfumo huziunganisha unapowaka, huduma haitaanza bila hiyo.

Mipangilio imo katika /etc/transmission-daemon/settings.json. Simamisha huduma kabla ya kuihariri. Mimi niliwahi kuihariri ikiwa inaendelea, nikaiwasha upya, nikakuta kila nilichoandika kimefutika: programu inapozimwa huandika upya faili hilo kwa mipangilio iliyo nayo kwenye kumbukumbu. Alasiri nzima ilienda hivyo.

Humo, weka kikomo cha kasi ya kupakia kwa speed-limit-up, na ugeuze speed-limit-up-enabled kuwa true. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani yetu mwaka 2009 na kutufungulia njia pana, lakini bando la simu bado huhesabiwa kwa megabaiti, na unachowagawia wengine huhesabiwa vilevile. Huduma isiyoonekana yaweza kulimaliza umelala.

Unaitawala huduma kwa kivinjari kupitia poti 9091, yaani mlango wake wa mtandao wenye namba hiyo. Weka nenosiri, na usiifungue poti hiyo kwenye ruta kwa watu wa nje. Inayohitaji kufikiwa nao ni 51413, poti ya kugawana vipande. Kompyuta nyingine ya nyumbani ikikataliwa kuingia, ongeza anwani za mtandao wako, kama 192.168.1.*, kwenye rpc-whitelist, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuitawala. Usiizime orodha yenyewe.

Na kwa kuwa anayepakua pia anasambaza, filamu au muziki usio na ruhusa ya mwenye haki unakuingiza katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kama msambazaji.

Ukimaliza, iwashe upya kompyuta ungali umekaa mbele yake. Usiingie kwa nenosiri. Chukua simu iliyo kwenye mtandao huohuo uliouruhusu, ufungue anwani ya kompyuta hiyo kwenye poti 9091. Orodha isipotokea, journalctl -u transmission-daemon itakueleza ilipokwama.