Tiara mpya ya nyuzi mbili: hatamu iguswe mwisho

Tiara nyingi za nyuzi mbili zinazoletwa kwangu hapa Bagamoyo kwa jina la ubovu ni nzima kabisa. Mwenyewe kaitoa kwenye mfuko, kaiunga, kaipeleka ufukweni, ikamlalia upande mmoja na kupiga kichwa mchangani, naye akaanza kusogeza hatamu, zile kamba fupi za kwenye tiara ambako nyuzi hufungwa. "Fundi, inakwenda kushoto tu." Ninapoipokea, hatamu imeshavurugwa, na kosa la mwanzo bado limekaa palepale kwenye nyuzi. Sasa kuna makosa mawili badala ya moja.

Tiara tulizokulia, za njukuti na mfuko wa nailoni, zina uzi mmoja na mkia, na mkia ndio unaozituliza. Hizi za kuongozwa ni jamii nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Paul Garber aliwatengenezea wanamaji wa nchi yake tiara ya kulengea shabaha iliyoongozwa kwa nyuzi mbili; mwaka 1972 Mwingereza Peter Powell akaja na yake, na mchezo ukaenea kwa watu wa kawaida. Ukivuta mkono wa kulia inageuka kulia, ukivuta wa kushoto inageuka kushoto. Aina ya leo yenye mabawa ya pembe tatu haina hata mkia. Kinachoifanya iende moja kwa moja ni kulingana kwa nusu zake mbili, basi. Kwa hiyo tofauti yoyote kati ya kushoto na kulia, iwe ya ufito, uzi au kamba ya hatamu, huko juu utaiona kwa sura ileile: inageuka bila kuambiwa. Ndiyo sababu utaratibu wa ukaguzi una maana. Ukiruka hatua hutajua unatibu nini.

Iunge kwanza nyumbani, sakafuni, pasipo na upepo wala mchanga. Fito za kaboni ni kavu: hazipindi sana kabla ya kupasuka, na mara nyingi hupasukia pale zinapoingia kwenye kiungo kwa sababu hazikuzama hadi mwisho. Sukuma kila ufito mpaka ugote, kisha uwekee alama ya kalamu pale unapoishia kwenye kiungo. Siku nyingine ukiiona alama iko nje, unajua ufito umechomoka. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka puani hadi viungio vya mpira vya bawa la kulia, halafu la kushoto. Pima pia vile vijiti vifupi vinavyosukuma kitambaa kwa nyuma. Tofauti ikiwepo, sogeza kiungo sasa. Fito zimeisha hapo.

Nyuzi ndizo zinazohitaji subira. Wengi huniuliza kwa nini wasitumie mshipi wa kuvulia, unaopatikana kila duka la pwani kwa bei nafuu. Mshipi wa nailoni unanyumbuka. Ukivuta mkono, sehemu ya mvuto huo inapotelea kwenye kunyumbuka, tiara inapata amri kwa kuchelewa, na nyuzi mbili hazinyumbuki sawasawa. Zaidi ya hapo, tiara ikizunguka, nyuzi zake hujisokota pamoja, na bado lazima ziteleze moja juu ya nyingine. Nyuzi za Dyneema, za plastiki imara isiyonyumbuka sana, hufanya hivyo hata zikisokotana mara kadhaa. Mshipi unang'ang'ana na kukwaruzana. Kwa tiara ya ukubwa wa kawaida natumia Dyneema ya mita 25 hivi, inayohimili kilo 45 hadi 70. Onyo kwa wanaorusha karibu na watoto wenye tiara za uzi mmoja: Dyneema ikisuguana na uzi wa pamba au nailoni, huo wa mtoto ndio unaokatika. Sogea mbali naye.

Sasa zisawazishe. Chomeka kigingi imara, au tafuta nguzo, funga ncha za nyuzi zote mbili hapo, nenda hadi mwisho ukiwa umeshika vishikio, egemea nyuma kwa uzito wako, ubaki hivyo kwa dakika moja au mbili. Usishangae zikirefuka. Uzi mpya haujatulia, mafundo yake hayajakaza, na ile soksi inayofunika ncha huwa inateleza kidogo. Legeza, vuta tena, kisha linganisha vishikio kwa kuviweka bega kwa bega. Tofauti ya sentimita moja inatosha kuharibu mchana wako. Uliozidi urefu ufupishe kwa fundo upande wa mkononi, si upande wa tiara, ili kesho uweze kulifungua au kulihamisha bila kupepesuka na tiara mkononi.

Baada ya hapo kuna jaribio ambalo nalithamini kuliko kipimo chochote cha futi. Irushe. Ikivutia kushoto, itue, kisha badilisha nyuzi: wa kulia ufunge kushoto, wa kushoto kulia. Kila uzi uhame pamoja na kishikio chake, kisha irushe tena. Kosa likihamia kulia, uzi ndio mwenye makosa. Likibaki kushoto, kosa ni la tiara yenyewe, na hapo tu ndipo hatamu inapoingia kwenye mazungumzo.

Lakini hilo linataka upepo wa maana. Ufuko wetu unatazama bahari upande wa kaskazini mashariki, kwa hiyo kaskazi, kati ya Desemba na Machi, inakuja moja kwa moja kutoka majini, laini, bila kukatika. Kusi ikielemea nchi kavu inapita kwanza juu ya minazi na majumba na kukufikia vipandevipande. Tiara mpya ukiipima katika upepo huo utasingizia hatamu makosa ya mnazi. Tatizo la kaskazi ni jingine: tiara iko mbele yako, upepo uko mgongoni, kwa hiyo inaruka kuelekea mjini. Unahitaji mchanga mpana kati ya maji na minazi, na hapo kupwa na kujaa kunaingia. Siku za bamvua, yaani za maji kujaa na kupwa sana, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri, upepo ukiwa mzuri, yameshameza ufuko. Mimi siku za bamvua narusha asubuhi, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, narusha alasiri. Na penye nyaya za umeme, hata pawe patupu namna gani, si mahali pa kurushia.

Hatamu sasa. Kila upande kamba zake zinakutana kwenye fundo moja, na uzi unafungwa hapo. Kabla ya lolote, weka alama ya kalamu pale fundo lilipo, pande zote mbili. Ndio mpangilio wa kiwandani, na utautamani ukipotea njia. Kisha kunja tiara katikati, mabawa yakutane, uone kama mafundo mawili yanaangukia mahali pamoja. Yakitofautiana, yalinganishe kwanza.

Zikishalingana ndipo uanze kurekebisha kwa ajili ya upepo, pande zote mbili kwa kiasi kilekile, milimita 5 kwa mara moja. Ukilipandisha fundo kuelekea puani, pua inainamia upande wako: inapaa kwa wepesi, inakwenda kasi, haivuti sana, lakini inageuka kwa duara pana. Hilo ndilo la upepo mchache. Ukilishusha, pua inarudi nyuma: mvuto unaongezeka, kona zinakuwa za ghafla, michezo ya angani inakuja kirahisi. Ukishusha mno inagoma kupaa, inaning'inia, inarudi kinyumenyume. Ukipandisha mno inakukimbilia hadi ukingoni mwa eneo la upepo na nyuzi zinalegea. Anayeanza namshauri aanze juu kidogo, akishaimudu ashuke. Wauzaji wengi hupenda iwe chini ili ifanye vitimbi mbele ya mnunuzi, jambo ambalo kwa mgeni wa mchezo ni mateso.

Kuirusha: isimamishe kwa ncha za mabawa, uiegemeze nyuma, pua ikielekea mbali nawe, isije ikapaa hujafika kwenye vishikio. Vishikio viwe vimenaswa kigingini. Ukivishika, vuta mikono yote miwili sawasawa huku ukirudi hatua moja.

Jioni suuza viungo na nyuzi kwa maji baridi, uianike kivulini kabla ya kuirudisha mfukoni. Safari ya pili pima nyuzi upya, kwa sababu zitakuwa zimerefuka tena.