Mtini wako ni wa aina gani? Tazama jicho kabla ya kutafuta jina

Swali tunaloletewa mara nyingi katika kitengo chetu cha matunda ni moja: "Huu mtini wangu ni wa aina gani?" Anayeuliza huambatisha picha ya jani, pengine na tini moja iliyolala kiganjani. Kwa ushahidi huo hatuwezi kumjibu, na anayejibu haraka anabahatisha. Mtini unatambulika, ila una utaratibu wake: kwanza tabia ya uzaaji, kisha jicho la tunda, kisha jani na nyama ya ndani. Jina huja mwisho, na wala si muhimu kama wauza miche wanavyotaka tuamini.

Majina yamevurugika kwa sababu mtini ni rahisi kupandwa. Tawi la urefu wa shibiri likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huota mizizi, na mti unaotokea ni nakala kamili ya mama yake. Wahamiaji kutoka Italia, Ureno, Ugiriki na Lebanoni walivuka bahari na vijiti hivyo mizigoni, wakafika Marekani, wakauita mti kwa jina la kijiji au la babu aliyewapa. Ndiyo maana leo aina moja ina majina chungu nzima, na jina moja hubeba aina mbili tatu. Ira Condit wa Chuo Kikuu cha California alipochapisha uchambuzi wake mwaka 1955, aina alizozieleza zilizidi 600, na ilimbidi apambane sana na majina yanayojirudia. Kadota ya California ndiyo Dottato ya Italia. Violette de Bordeaux huuzwa pia kama Negronne. Fujo kubwa zaidi iko kwa Brown Turkey: inayouzwa kwa jina hilo California si ile inayopandwa kando ya kuta za bustani za Uingereza.

Basi tuanze na uzaaji. Tini ni kifuko kilichojaa maua madogo kwa ndani, na njia pekee ya kuingilia ni tundu la chini, lile tunaloliita jicho. Mitini iko makundi manne. Mtini dume hutoa tini zenye nyama kavu ambazo kwa kawaida haziliwi, lakini ndani yake huishi kinyigu aitwaye Blastophaga psenes, mdogo wa milimita mbili hivi, anayebeba chavua. Mtini wa kundi la Smyrna hauivishi tunda lolote mpaka kinyigu huyo aingie. Wa kundi la San Pedro huivisha bila msaada mzao wa kwanza, ule unaotoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, ila mzao wa pili humhitaji kinyigu. Kundi la nne ni mtini wa kawaida, unaoivisha peke yake, na huu ndio unaofaa bustani nyingi za nyumbani.

California walijifunza hilo kwa gharama. Miche ya Smyrna iliyofika huko katika miaka ya 1880 ilikua vizuri, ikatoa tini, kisha tini zikadondoka zingali changa, mwaka baada ya mwaka. Wapo waliodhani wametapeliwa na waliowauzia. Mwaka 1899 Walter Swingle wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alituma vinyigu kutoka Algeria, wakazoea shamba la George Roeding huko Fresno, na mavuno yakaja. Roeding akaipa aina hiyo jina la Calimyrna, yaani California na Smyrna zikaunganishwa.

Kwa hiyo mti wako wenye afya, uliokwisha kuwa mkubwa na unaopata maji ya kutosha, ukidondosha tini zote zikiwa na ukubwa wa gololi, usikimbilie mbolea. Jiulize kwanza kama si Smyrna. Mti mchanga wa mwaka mmoja au miwili nao hudondosha, kwa hiyo usiuhukumu mapema.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hutuuliza kama vinyigu wa mkuyu wanaweza kuusaidia mtini. Hawawezi. Mkuyu na mtini ni ndugu, lakini mkuyu una nyigu wake, Ceratosolen arabicus, asiyeshughulika na mtini wetu wa bustanini. Hapa pia ndipo wanapopotea wengi wanaopanda mbegu za tini kavu za dukani. Tini za Uturuki, hasa za mkoa wa Aydın, kwa sehemu kubwa ni Sarılop, aina ya kundi la Smyrna. Kwa kuwa zilichavushwa, mbegu zake zina uhai na huota kwa wingi. Lakini karibu nusu ya miche hiyo itakuwa dume, na iliyobaki kwa kawaida itamdai kinyigu ambaye asili yake si kwetu. Utamwagilia miaka mitano upate kivuli. Tafuta kipandikizi cha mti unaoujua umezaa bila kinyigu.

Sasa jicho. Mimi binafsi hulitazama kabla ya rangi, kwa sababu linaeleza pia kama tunda litafika mezani. Celeste, tini ndogo ya rangi ya kahawia yenye zambarau inayopendwa kusini mwa Marekani, ina jicho lililofumba. Mvua haiingii kirahisi, wala inzi wadogo wa matunda. Kadota huliziba jicho lake kwa tone la utomvu mtamu mfano wa asali. Brown Turkey ile ya California ina jicho lililo wazi, na penye unyevu mwingi tini huchacha juu ya mti, ukiikata unakutana na harufu ya siki. Mtu wa Houston au wa mji wowote wa pwani yenye mvua za kiangazi asinunue tini yenye jicho wazi, hata iwe na sifa gani. Pima upana wa jicho kwa rula, tazama rangi ya ukingo wake, na kama lina tone uandike.

Jani husaidia, ila ni shahidi anayebadili maneno. Mti mmoja unaweza kutoa majani yenye vidole vitatu, vitano, na mengine yasiyo na kidole hata kimoja. Machipukizi yenye nguvu baada ya kupogoa huwa na majani ya ajabu ajabu, na yaliyo kivulini hutanuka. Chukua majani kadhaa yaliyokomaa, kutoka matawi yanayozaa, upande unaopata jua. Hesabu vidole, tazama kina cha mkato kati yao, na umbo la sehemu jani linapokutana na kikonyo: je, limejipinda kama moyo au limekatika kwa mstari ulionyooka? Violette de Bordeaux hujitambulisha mapema kwa vidole vyembamba vilivyokatika sana. Panachée haihitaji mtaalamu, maana tunda lake lina mistari ya kijani na njano, na vitawi vichanga pia. Ukiona mabaka ya njano na majani yaliyojikunja, huo ni ugonjwa wa batobato la mtini, unaoenezwa na utitiri na kwa vipandikizi. Si alama ya aina, ingawa tumewahi kuletewa mti mgonjwa kwa imani kwamba ni aina adimu.

Nyama ya ndani ndiyo inayowababaisha hata wazoefu. Kadota isiyochavushwa huwa na nyama ya rangi ya kaharabu. Ikichavushwa, nyama huelekea wekundu na mbegu hutafunika kwa sauti. Kijiti kimoja kikigawanywa, nusu ikaenda Fresno penye vinyigu na nusu Houston wasikokuwapo, wenye miti wanaweza kuapa kwamba wana aina mbili. Tini za mzao wa kwanza nazo mara nyingi ni kubwa na ndefu kuliko za mzao wa pili wa mti huohuo, kwa hiyo linganisha mzao wa pili kwa mzao wa pili. Halafu hakikisha imeiva: shingo imelegea, tunda linaning'inia, na ukilichuma kikonyo hakitoi maziwa mengi meupe. Tini ikichumwa mbichi haiongezi utamu ndani ya bakuli. Maziwa hayo yakikugusa kisha ukakaa juani ngozi huungua, basi vaa glavu.

Anayetaka kulinganisha aina kwa haki aziweke kwenye ua mmoja, kwenye vyungu vya ukubwa sawa, na asitoe hukumu kwa mwaka mmoja. Kwenye baridi kali, Hardy Chicago ina faida ya wazi: barafu ikiua matawi mpaka ardhini, huchipua tena na kuzaa msimu huohuo. Desert King, ya kundi la San Pedro, huwafaa watu wa majimbo ya Oregon na Washington kwa sababu mzao wake wa kwanza huwahi kuiva kabla ya baridi. Celeste haipendi kupogolewa sana. Ukiikata bila huruma unapunguza mavuno. Kuhusu vijiti vinavyouzwa mamia ya dola kwenye minada ya mtandaoni, msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya bei hiyo ni jina. Zipo tini za jamii ya Mlima Etna, kundi la aina zinazofanana lililopewa jina la mlima wa Sicily nchini Italia, zenye majina mengi tofauti ambazo ukiziweka sahani moja hutaweza kuzitenganisha.

Vipimo vya vinasaba vipo, na vimetumika kwenye hazina ya mitini ya serikali ya Marekani iliyoko Davis, California. Husema kama miti miwili ni mmoja. Havisemi jina lipi ni halali endapo sampuli ya kulinganishia ilibandikwa lebo isiyo sahihi.

Ukituletea sampuli, tunaomba tini tatu zilizoiva, moja ikiwa imekatwa katikati na kupigwa picha papo hapo kando ya rula, tawi moja lenye majani yake, na maelezo ya mahali mti ulipotoka. Andika pia tarehe tini ya kwanza ilipoiva, na kama ilitoka kwenye tawi la mwaka huu au la mwaka jana.